Ushahidi wa Kesi ya Nyanya Yako

Mwanangu Wakesho,

Mkanda wa mashine umekatika saa nane na nusu, na fundi amesema hawezi kuja mpaka Jumatatu. Nimewarudisha watu na mahindi yao, nimefunga mlango, na nimekaa juu ya gunia na daftari la mizani magotini. Ndiyo maana karatasi hizi zina mistari ya bluu, na unga kwenye pembe. Mkanda usingekatika, pengine ningesaga hadi jioni, kesho ningekusindikiza kwenye basi, ningekupa mkono, na ningenyamaza kama nilivyonyamaza miaka minane.

Mambo ya sanduku, ya blanketi, na ya nani wa kumwona ukifika Mombasa, mama yako ameshakuambia mara tatu. Nimehesabu. Siyarudii.

Nataka kukueleza juu ya kesi. Wewe unaijua kama wanavyoijua watu wa Voi: kwamba baba yako aliishtaki nyumba ya wazee kwa ajili ya nyanya yako, kwamba alishindwa, na kwamba tangu siku ile yeye na baba yako mkubwa Mwakio hawasalimiani. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna swali niliulizwa kortini nikalijibu kwa uongo, na uongo ule ulikugusa wewe kuliko mtu mwingine yeyote. Nitalifikia. Univumilie nikizunguka kidogo, maana sijawahi kulisema hata kwa mama yako.

Unakumbuka nyanya alivyoanguka kwenye matuta ya shamba kule Mghange, akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nyonga ilivunjika na haikuunga. Baba yako mkubwa alisema abaki pale pale nyumbani. Mimi nikasema hapana. Nani atamwinua? Mke wa Mwakio alikuwa na watoto watano na mimba. Sisi hapa Voi tulikuwa kwenye mashine tangu alfajiri. Nilisema maneno hayo nikiwa nimesimama katikati ya nyumba, na mama yangu amelala pale akinisikia, na sikumwuliza yeye anataka nini. Nilikuwa na miaka arobaini. Nilianza nikiwa kijana wa kuhesabu matita ya mkonge kule estate, nikajua hesabu kabla sijajua kusoma, nikapanda hadi ukarani, nikanunua mashine yangu. Mtu wa namna hiyo hufika mahali akadhani hakuna jambo lisilopangika.

Nyumba ya wazee ilikuwa na daftari. Mwenyekiti wa kamati alinionyesha siku ya kwanza. Lilikuwa limepigwa mistari kwa wino mwekundu: safu ya maji, safu ya chakula, safu ya kugeuzwa kitandani kila masaa mawili. Nililipenda daftari lile, mwanangu. Nilisimama nikilisoma kwa furaha, na vyumba nikavipitia mbio mbio. Halafu nikatia sahihi fomu ya kurasa mbili, na ukurasa wa pili sikuusoma. Mimi, ambaye sipokei gunia bila kulipima mara mbili.

Tulikuwa tukienda kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kazi yangu ikawa kukagua vitu. Sabuni ngapi zimebaki, shuka ziko ngapi, sukari imefika wapi. Nyanya yako alinitania, na wewe ulikuwepo ukicheka: "Umekuja kunihesabu tena, Mwadime? Niko mmoja. Mwezi jana pia nilikuwa mmoja." Nami nikacheka. Sikuelewa kwamba alikuwa ananiambia niketi.

Alikufa mwezi wa kumi na tatu tangu tumpeleke pale. Mama yako ndiye aliyemwosha pamoja na shangazi yako. Alitoka nje akaniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Wakesho, ngozi ya mgongo imebaki kwenye shuka." Kisha akarudi ndani kumaliza kumwosha.

Hapo tukafanya makosa matatu kwa siku mbili, na kila moja tulilifanya kwa heshima. Tulichoma shuka na godoro, kama inavyofanywa. Tulimzika kesho yake, kwa sababu jua lilikuwa kali na watu walikuwa wamekwisha panda kutoka Rukanga na kwingineko. Na karatasi ya kifo ilipoletwa imeandikwa uzee, mimi nilisema asante. Baadaye wakili alinieleza kwamba yale matatu ndiyo yaliyokuwa kesi yenyewe. Kitambaa, mwili, na maneno ya daktari. Tulikuwa tumeviondoa vyote kabla chai haijapoa.

Siku ya nne kamati ikaja Mghange. Mwenyekiti, katibu wake, na wazee wawili wa kijiji. Baba yako mkubwa alikuwa ametayarisha maji ya miwa kwenye kibuyu. Ulikuwa mdogo, labda hukujua kilichokuwa kinafanyika. Huko kwetu mtu akiwa na uchungu na mwenzake, huchukua funda, akalipuliza nje, akatamka mbele ya watu kwamba kinyongo kimetoka. Ndiyo kutasa. Hata sisi tuliobatizwa hatujaacha, tunaifanya tu bila kelele. Mwakio aliniambia, "Mdogo wangu, hasira ukikaa nayo haikuli wewe. Inakula watoto." Alikutazama ulipokuwa umekaa na mwanawe mdogo kwenye kibaraza.

Nikachukua kibuyu. Nilipuliza. Nikasema sina kinyongo na nyumba ile wala na mtu wake. Wakati ule ule ninasema, nilikuwa naona mgongo wa mama yangu. Halafu katibu akapitisha daftari dogo tutie sahihi, nikadhani ni orodha ya waliofika kutoa rambirambi. Nikatia sahihi.

Miezi miwili nilijaribu kuishi na neno lile. Sikuweza. Nikaenda Mombasa kumtafuta wakili.

Swali lake la kwanza lilinishangaza. "Wewe unashtaki kama nani?"

Nikamwambia kama mtoto wa marehemu.

"Aliyeumia ni mama yako, mzee. Kesi ni yake, na yeye hawezi kuja. Lazima korti imtaje mtu wa kusimama mahali pake, na ndugu wakubali."

Nyanya yako aliacha jembe, mbuzi watatu na matuta manne ya shamba. Baba yako mkubwa aliposikia kwamba nataka karatasi ya kusimamia mali ya marehemu, alielewa kwamba nataka matuta. Simlaumu. Mtu aliyetoka mjini na mashine, anaomba karatasi ya mali, wewe ungeelewa nini? Ilichukua miezi kumi na minne mpaka akaweka dole gumba, na aliweka kwa sharti moja, kwamba mama asifukuliwe. Nikakubali. Kesi ya uzembe ina miaka mitatu tu, ikipita mlango umefungwa. Nilibaki na miezi ishirini.

Swali la pili lilikuwa: unamshtaki nani? Nilijibu, ile nyumba. Wakili akasema nyumba ni matofali. Kanisa letu lilipoandikiwa likajibu kwamba ardhi ni yao lakini kazi ni ya kamati. Kamati ikajibu kwamba wao ni watu wa kujitolea tu na mali si yao. Barua zilipita huku na huku miezi saba, na kila barua ilinipa pole kwa msiba. Mwisho tukashtaki watu kwa majina yao, mmoja mmoja, akiwamo mwenyekiti, ambaye siku ya ubatizo wako alikushika mikononi. Ndiyo maana tulihama kanisa. Nilikuambia ni kwa sababu ya umbali.

Na ile fomu niliyotia sahihi, ukurasa wa pili ulisema nyumba haitawajibika kwa lolote. Wakili alinituliza kwamba karatasi haiwezi kuuosha uzembe wote. Lakini aliusoma ukurasa ule mara mbili kabla ya kusema hivyo.

Shahidi tuliyemtaka alikuwa Mama Nafula, yule mama mrefu aliyekuwa akikupa kiti ukifika. Alikuwa ametoka upande wa magharibi na mumewe aliyefanya kazi ya mkonge, mume akafa, yeye akachukua kazi pale. Wakati huo ile nyumba ya wazee ilikuwa imekwisha fungwa, nami nilimpata kule Miasenyi, kando ya barabara kuu, akiwauzia madereva wa malori chai. Nilikwenda nikiwa na hasira ya kumla mzima mzima. Nilifungua mbele yake nakala ya lile daftari la wino mwekundu, aliyonipatia wakili. Kila masaa mawili, mchana na usiku, amegeuzwa, amegeuzwa, amegeuzwa. Hata saa nane mchana ya ile siku ambayo nyanya alikufa saa tano asubuhi.

Nikamwambia tupige hesabu. Wazee wasioinuka walikuwa tisa. Kila mmoja ageuzwe mara kumi na mbili, ni mara mia moja na nane. Kumgeuza mtu na kumsafisha ni dakika kumi, ikawa masaa kumi na nane. Kulisha tisa kwa kijiko, mara tatu, dakika ishirini kila mmoja, masaa tisa. Jumla ishirini na saba, na hujapika, hujafua, hujachota maji.

Aliendelea kupanga vikombe. Akasema, "Mzee, mimi nilijua hiyo hesabu kabla yako. Nilikuwa peke yangu na mikono miwili."

"Basi kwa nini uliandika?"

"Mwenyekiti alikuwa anakuja Jumamosi. Mstari ukiwa wazi anasema wewe mvivu, kuna wengine wanataka kazi. Nilikuwa naandika wiki yote kwa mara moja. Watoto wangu watatu walikuwa wanakula kwa hiyo kalamu."

Nilimwomba aje kortini aseme hivyo hivyo. Alikataa. Aliogopa kwamba yeye ndiye atakayefungwa, na sikuwa na la kumhakikishia, maana mkono uliokuwa kwenye daftari ulikuwa wake. Nilipoinuka alinipa chai, akasema nyanya alikuwa mtu wa utani, na kwamba siku za mwisho aliomba maji mara nyingi. "Nilikuwa namwambia nakuja," alisema. Nilikunywa ile chai, Wakesho. Sijui kwa nini nilikunywa.

Tulipeleka kesi zikiwa zimebaki wiki tano. Ilipokuja kusikilizwa ulikuwa umetimia miaka kumi na minne. Ulimwambia mama yako unataka kuja, una jambo la kusema. Mama yako akaniambia. Nikajibu kwamba korti si mahali pa watoto. Wakili mwenyewe alikuwa ameniuliza kama kuna mtu mwingine yeyote wa nyumbani aliyeona lolote. Nikamwambia hakuna.

Mwakio alikuja, amevaa koti lake la Krismasi, akaketi nyuma. Wakili wao akaniuliza taratibu kama mimi ni mtu wa dini. Nikasema ndiyo. Akafungua lile daftari dogo la katibu. Akasoma kwamba siku ya nne baada ya maziko, mimi Mwadime nilitasa mbele ya wazee, nikasema sina kinyongo na nyumba ile wala mtu wake. Sahihi yangu ilikuwa chini.

Nikasema ile ni sala, si mapatano.

Hakimu alikuwa mpole. Akauliza mwenyewe, "Ulipoyasema maneno hayo, uliyamaanisha?"

Nikisema ndiyo, nimesamehe, kesi imekwisha. Nikisema sivyo, nimewadanganya wazee, ndugu yangu, na marehemu, kwa kinywa chenye maji ya kutasa. Nilitazama nyuma. Mwakio alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja kupigwa.

Nikasema, "Sikuyamaanisha."

Mwakio alisimama, akachukua kofia yake, akatoka. Hakuubamiza mlango. Mwaka ule ule mwanawe mdogo, yule mliyekaa naye kibarazani, aliumwa malaria akafa, na najua Mwakio anafikiri nini juu ya kifo kile. Sijui mimi mwenyewe ninafikiri nini.

Nikajiambia nimeshalipa gharama kubwa, sasa lazima nishinde. Nikatoa hesabu yangu ya masaa ishirini na saba. Hakimu aliiandika yote. Halafu wakili wao akainuka kwa mara ya mwisho. Akataja kwamba nilikuwa nikienda kila mwezi, bila kukosa, mtu makini, karani wa zamani. "Katika ziara zote hizo, mzee, uliwahi kuona au kuambiwa kwamba mama yako ana kidonda?"

Hapa ndipo nilipokuwa nikizunguka.

Jumapili ya mwisho tuliyokwenda, wiki tatu kamili kabla ya kifo, wewe uliingia peke yako kumchana nyanya nywele. Mimi nilikuwa nje na mwenyekiti. Kulikuwa na wageni, na mwenyekiti alikuwa anawaambia kwamba kama watoto wote wangekuwa kama Mwadime, kazi yao ingekuwa rahisi. Nilikuwa nimesimama nimenyooka. Ukatoka na kitana mkononi. Ukanivuta shati. Ukasema, na si kwa kunong'ona, "Baba, nyanya ana shimo mgongoni. Ndani kuna kitu cheupe. Na anataka maji."

Nikakuambia, "Nyamaza. Watu wanatuangalia."

Ukasema tena, "Baba, njoo uone." Nikakushika bega nikakugeuza. Mwenyekiti akacheka kidogo, akasema watoto huogopa wazee. Mimi nikacheka naye. Tukaenda kwenye basi. Sikuingia kumuaga.

Niliogopa nini? Nilikuwa nimesema mbele ya ukoo kwamba nimempeleka mama mahali pazuri. Nikiingia nikaona, ingebidi nimpandishe tena Mghange mgongoni, Mwakio akiwa mlangoni. Basi nikaamua kwamba mtoto wa miaka kumi hajui anachokiona.

Kwa hiyo wakili aliponiuliza kama niliwahi kuona au kuambiwa, nilijua kwamba nikisema ndiyo, ataniuliza kwa nini sikumtoa. Mbele ya watu wote wale. Nikasema, "Hapana. Sikuona, na sikuambiwa na mtu."

Hakimu alisoma hukumu baada ya miezi miwili. Alisema hesabu yangu inaonyesha kazi ilikuwa nyingi kwa mtu mmoja, lakini hesabu haionyeshi kilichompata mama yangu. Alisema daktari aliandika uzee. Ile kutasa hakuitumia kabisa, alisema hawezi kuipima. Kisha akasema kwamba mtoto wa marehemu, mtu makini, aliyefika kila mwezi hadi wiki tatu kabla ya kifo, ameapa kwamba hakuona wala kuambiwa lolote. Basi korti haiwezi kusema kwamba uzembe ulikuwepo kwa muda wa kutosha kusababisha kifo.

Hawakunishinda wao. Nilijishinda kwa jibu moja. Shahidi wa kesi ile alikuwa nyumbani siku ile, amevaa sare ya shule, kwa sababu baba yake alisema korti si mahali pa watoto.

Nyumbani nilikuta umepika. Ukaniuliza, "Baba, tumeshinda?" Nikasema hapana, hakukuwa na ushahidi. Ukaendelea kupakua. Hujawahi kunikumbusha ile Jumapili, hata siku tulipogombana juu ya uuguzi, nami nikakuambia ni kazi ya kusafisha watu. Mwaka jana nilisikia ukimwambia mama yako kwamba labda ulipaswa kusema kwa sauti zaidi. Nilikuwa nyuma ya mlango na debe la unga. Niliondoka polepole nisisikike.

Sasa unakwenda kujifunza kazi ya Mama Nafula. Utapewa daftari na kalamu, na mikono miwili. Sina la kukufundisha juu ya vidonda. Juu ya daftari ninalo moja. Siku ambayo hukufika kwa mgonjwa, uache mstari wazi. Watakusema. Lakini mimi nimepitia ukurasa hadi ukurasa daftari lisilo na mstari wazi hata mmoja, na ninakuambia, mstari mmoja mtupu ungeweza kunifanya niingie chumbani hata kama nilikataa kukusikia wewe. Basi likisimama Miasenyi, utamwona Mama Nafula upande wa kushoto, ana bati la kijani. Ukitaka, shuka umsalimie. Usipotaka, sawa.

Katikati ya barua hii nimeweka karatasi nyingine. Muda wa rufaa ulipita zamani na hakimu yule alihamishwa. Wakili aliwahi kuniambia kwamba mtu akiapa uongo kortini anaweza kufungwa, kwa hiyo karatasi hiyo ina uzito kwangu. Ni yako. Unaweza kuichoma, unaweza kumpelekea baba yako mkubwa Mghange, unaweza kuipeleka mahali popote unapoona inafaa. Sitakuuliza. Nimeinakili hapa chini ili ujue ni ile ile.

*Mimi, Mwadime, mzaliwa wa Mghange, mwenye mashine ya kusaga hapa Voi, ninasema kweli. Wiki tatu kabla ya kifo cha mama yangu, binti yangu Wakesho, wakati ule akiwa na miaka kumi, aliniambia mara mbili kwamba nyanya yake ana shimo mgongoni na anataka maji. Alisema kwa sauti ya kutosha. Nilimsikia. Sikuingia.*

Baba yako,
Mwadime